Msimzike na Matangi Yale

Ndugu, jamaa, majirani, marafiki, na ninyi wa mstari wa mbele mliofika mapema kuliko wafiwa, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kusoma maisha ya dada yangu mkubwa, na kabla sijaanza nawaomba mzikunje zile karatasi zenye picha mlizopewa mlangoni, mnaweza kujipepea nazo maana joto ni kali, ila msizisome, kwa sababu zimeandikwa na ofisi yake ya zamani, na ofisi ile haijawahi kuandika jambo juu ya dada yangu likawa na ukweli kupita tarehe.

Mjomba wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi na mtu ninayemheshimu, aliniletea karatasi hiyo juzi akaniambia, "Mwanangu, soma hivi hivi ilivyo, kila kitu kimo, usitie chumvi," nami nikaisoma, nikakuta katikati yake sentensi inayosema kwamba mwaka 2009 marehemu alistaafu kwa hiari kufuatia kosa la kitaalamu lililoua matangi ya mwani ya kituo, nikamwambia Mjomba chumvi imeshatiwa, akashusha pumzi na kusema, "Sasa tufanyeje, mwanangu, msiba si mahakama," nikamjibu ni kweli, mahakamani angalau mtu huapishwa kwanza.

Dada yangu hakuacha wosia mrefu, kwani vitu vyake vingi vilikuwa ndani ya ndoo. Wiki mbili kabla ya kufariki, akiwa kitandani, aliniambia kwa sauti ile ile aliyoitumia kunituma kiberiti dukani nilipokuwa mtoto, "Mdogo wangu, nizikeni na nguo yoyote mnayotaka, hata lile gauni la maua ninalolichukia, ila msinizike na matangi yale." Hiyo ndiyo kazi niliyosimama kuifanya, mengine yote ni tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya pampu ya maji ya mji, kwa kuwa baba yetu alikuwa msimamizi wa pampu hiyo, na mama yetu alikuwa mkunga ambaye siku hiyo hakupata mkunga wa kumzalisha, akaifanya nusu ya kazi mwenyewe, jambo alilolisimulia kila mwaka siku kama hiyo mpaka dada akawa anatoka chumbani hadithi ikianza. Mbele ya dirisha la chumba tulicholala kulikuwa na matangi ya zege yasiyo na vifuniko, na kila likizo kazi yetu watoto ilikuwa kuingia ndani yakishakaushwa na kukwangua ule utando wa kijani unaoteleza, kaka yetu akikwangua kwa hasira, mimi nikikwangua huku nalia, na dada akikwangua polepole, akiuweka kwenye kopo na kuuinua juani, akiuliza kwa nini tangi lililo karibu na zizi la jirani huwa na kijani kizito kuliko lililo mbali nalo, swali ambalo baba alilijibu kwa kumwambia aache uvivu. Swali hilo hilo ndilo alilolifanyia kazi maisha yake yote, na baba, Mungu amrehemu, mpaka anastaafu alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha njia.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kuimaliza mwaka 1970, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana Januari 1971, ambako mwalimu wa sayansi aliwafundisha usanisinuru kwa mchoro wa jani moja, jua moja na mishale mitatu, akawaambia kwamba mmea unahitaji mwanga, maji na hewa, basi, kila kitu kingine ni mapambo, dada akanyoosha mkono na kuuliza, "Na nyama ya mwili wake unaijenga kwa kitu gani, mwalimu, kwa mwanga?" naye akatolewa nje kwa kosa la kujifanya mjuaji, akakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha, na alipomsimulia mama alisema kwamba nje kulikuwa na kivuli kizuri na hakukosa kitu. Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza mwaka 1980 na ya uzamili mwaka 1984, na utafiti wake ulihusu jinsi mwani wa kijani unavyotumia vyanzo mbalimbali vya naitrojeni wakati wa usanisinuru, kichwa ambacho shangazi zetu walikifupisha wakawa wanawaambia wageni kwamba mtoto wa kaka amesomea uchafu wa matangi.

Kwa kuwa nusu yenu mmekuja kumzika mtu ambaye hamjui alikuwa akifanya nini, na nusu nyingine mnajua vizuri sana na mnajitia hamnazo, nitaeleza kidogo, nami nimesomea uchumi, kwa hiyo nikiweza kueleza mimi hakuna mwenye udhuru wa kutoelewa. Mwani anaousema dada si ule mrefu wa baharini, ni ule wa chembe moja moja, mdogo hata huuoni mpaka uwe mamilioni, ndipo maji yote yanageuka kijani. Kwa mwanga wa jua unatengeneza sukari, lakini sukari peke yake haijengi mwili, unahitaji naitrojeni, na naitrojeni huufikia kwa sura tatu ambazo dada alizijua kuliko alivyowajua ndugu zake. Ya kwanza ni naitreti, ambayo mwani hauwezi kuitumia ilivyo, lazima uivunje hatua kwa hatua mpaka iwe amonia, na kazi hiyo unaifanya kwa nguvu ile ile ya mwanga ambayo ungeitumia kwa sukari, unapasua maji mengi zaidi, unatoa oksijeni nyingi zaidi, na kadiri unavyokula ndivyo maji yanavyoelekea upande wa magadi, yaani kinyume cha asidi. Ya pili ni amonia yenyewe, ambayo ni kama chakula kilichokwisha kupikwa na kupakuliwa, mwani unakikimbilia, rangi inashika upesi, na ukiuwekea vyote viwili ndani ya tangi moja unakula amonia tu, naitreti hauigusi, mlango wa kuiingizia unaufunga kabisa, ila kila unapokula amonia unatema asidi, na kama maji ni laini, kwa mfano ya mvua, yasiyo na kitu cha kuizuia asidi hiyo, mwani unaendelea kula na kutema, kula na kutema, mpaka unajiua ndani ya maji uliyoyaharibu mwenyewe. Ya tatu ni urea, ile iliyomo kwenye mkojo, ambayo lazima ikatwe kwanza ndipo itoe amonia, na hiyo tutaifikia kwenye ugonjwa.

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu na kugeuza shingo kuangalia mstari wa mbele, naomba mtulie. Dada alichukia sana watu wanaougeuza mwani kuwa hotuba, na mwaka mmoja mgeni rasmi aliposimama kwenye mahafali na kuwaasa vijana wawe kama mwani, wajitegemee kwa jua la Mungu, dada alimfuata kwenye meza ya chakula na kumwambia, "Mheshimiwa, mwani haufundishi mtu kitu, mwani una njaa," kwa hiyo kwa heshima yake sitasema mwani ule unafanana na nani.

Tarehe 2 Septemba 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa vyakula vya samaki, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, kilichopakana na choo, chenye meza ya zege, sinki lililovuja na dirisha moja, na nje ya dirisha hilo, chini ya paa la plastiki, akapanga matangi yake, akayalisha maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati ya ofisi, na mwani wa matangi hayo ndio uliolisha vifaranga vya samaki vya kituo kizima kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya salamu, alipita tangi kwa tangi akichovya karatasi ya litimasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye magadi, na ukimwamkia kabla hajamaliza alikuinulia kidole bila kukutazama, ukasimama hapo na shikamoo yako mdomoni mpaka tangi la mwisho, ndipo akageuka na kuipokea kana kwamba umeitoa sasa hivi. Walimwita Mama Litimasi, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mpole. Karatasi ya ofisi inasema alikuwa mchangamfu na mpenda watu, na mtu aliyeandika hivyo hajawahi kumpelekea kazi ya kusahihisha. Alimrudishia mwanafunzi mmoja kurasa sitini na kumwambia kwamba amezisoma zote akitafuta wazo, na kama liko basi limejificha vizuri, na kwenye vikao alikuwa na tabia ya kuuliza, "Umejuaje?" kisha kunyamaza, swali fupi lililowatoa jasho watu wenye vitambulisho virefu shingoni, kwa sababu wengi wao walikuwa hawakujua, walikuwa wamesikia tu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu mnayemwona hapa, fundi wa mafriji, ambaye aliitwa kituoni kutengeneza jokofu la mbegu za mwani, akaanza kwa kuzitoa chupa zote na kuzipanga juani kwa kudhani ni juisi iliyochacha, dada akaingia, akamwona, akamsema tangu saa tatu mpaka fundi akatafuta kiti, na alipomaliza, fundi akamwuliza kwa utaratibu, "Sawa, mama, nimekosa, lakini hivi vitu vinakula nini?" Wanaume wote waliomtaka kabla ya hapo, na walikuwepo, wengine wana shahada mpaka tatu, walikuwa wakimweleza yeye mwani unakula nini, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza. Shangazi zetu walisikitika sana, wakasema msomi mzima aende kuolewa na mtu wa bisibisi, ni shangazi hao hao ambao mafriji yao yametengenezwa na bisibisi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambao tangu asubuhi wanalia kwa sauti kubwa kuliko mgane mwenyewe, shangazi zangu, nawapenda, punguzeni kidogo.

Ndoa yao ilibarikiwa mtoto mmoja wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1989, baada ya mimba mbili zilizoharibika, ambazo karatasi ya ofisi haikuzitaja na mimi nazitaja kwa sababu mama yao alizihesabu, mtu akimwuliza ana watoto wangapi alisema, "Mmoja anayetembea." Binti huyo, kinyume na ushauri wa mama yake, naye akasomea mwani, na mwaka 2014 alipokwenda kuomba kazi kwenye kituo kile kile, mtu wa kwanza kufungua mdomo kwenye meza ya usaili alimwuliza, "Wewe si mtoto wa yule aliyeua matangi?" wenzake wakacheka kicheko cha adabu, binti akafunga faili lake na kutoka. Kwa hiyo wale mnaonong'ona kwamba mambo ya zamani yaachwe, jueni kwamba kuna mtu anayeishi ndani ya mambo hayo ya zamani, na amekaa pale, amevaa viatu vya mama yake.

Sasa nafika mwaka 2009, na Mjomba naona umeinamisha kichwa, vumilia. Mkuu wa kituo, aliyekuwa amehamishiwa hapo miaka mitatu kabla, na ambaye leo ametuheshimu kwa kukaa kiti cha tatu mstari wa mbele na miwani ya jua, alikuwa akitarajia wageni wazito tarehe 12 Februari, akataka matangi yawe kijani kama uwanja wa mpira, dada akamwambia mwani unakua kwa mwendo wake na naitreti aliyouwekea inatosha, kisha akasafiri kwenda chuo kikuu kutahini wanafunzi. Alipoondoka, Mkuu akaagiza mbolea ya bustani, ile salfeti ya amonia iliyokuwa ikilisha maua ya mbele ya ofisi yake, imwagwe ndani ya matangi yote, na kweli, kwa siku chache za mwanzo matangi yalinona, yakawa kijani cha kupendeza, Mkuu akapigwa picha ameegemea mojawapo, picha iliyoning'inia mapokezi kwa miaka, na kama wageni wangefika siku waliyosema, mimi leo nisingekuwa na la kusoma, angepongezwa, angepanda cheo, na dada angerudi na kuyamwaga matangi kimya kimya akisonya. Lakini wageni wa aina ile hawajawahi kufika siku waliyosema. Waliahirisha kwa wiki moja, na katika wiki hiyo mwani ulikula amonia na kutema asidi ndani ya maji ya mvua, ukala na kutema, mpaka tarehe 19 Februari wageni waliposhuka kwenye magari, matangi yalikuwa ya manjano kama chai ya maziwa iliyolala, yakitoa harufu, na vifaranga vya samaki vilivyolishwa kutoka humo vilikuwa vimeelea tumbo juu.

Dada aliingia getini asubuhi hiyo hiyo na begi lake mkononi, akawapita wageni, akampita Mkuu aliyekuwa ameshanyoosha mkono wa salamu, akainua kidole kama kawaida yake, akachovya, na karatasi zikawa nyekundu tangi la kwanza mpaka la mwisho. Akageuka akauliza mbele ya watu wote, "Nani ameweka amonia?" na Mkuu akacheka, akawaambia wageni, "Mtusamehe, Mama Litimasi amechoka na safari."

Kamati ya uchunguzi ilikaa tarehe 23 Februari katika chumba cha mikutano, chumba chenye viti vya ngozi na maua ya plastiki, na waliokaa ndani yake wote walikuwa watu wa sayansi, si watu wa kuchukuliwa barabarani. Dada aliingia na ndoo ya maji ya tangi, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe vya chai, akaweka zile karatasi nyekundu za siku ile, nyingine mpya za litimasi na kichupa cha dawa ya kupimia naitreti, akawaambia kwamba wao wanasema aliua mwani kwa kuzidisha naitreti, vizuri, mwani ukila naitreti maji huenda upande wa magadi, karatasi ingekuwa bluu, na hiyo naitreti yenyewe ingekuwa imepungua kwa sababu imeliwa, lakini haya maji ni asidi, na naitreti aliyoiweka imo humu haijaguswa, na kitu pekee kinachoufanya mwani uiache naitreti na kuchachusha maji ni amonia, kwa hiyo hakuna haja ya kumwuliza yeye wala mtu mwingine, mwani umeshasema ulichokula. Kisha akasema, "Chovyeni."

Hakuna aliyechovya. Mmoja alivuta kikombe chake kisirukiwe na maji, mmoja akakumbuka simu yake, mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake akasoma ukuta. Kisha wakaandika kwamba sababu ni kuzidisha naitreti, jambo ambalo ni sawa na kumshitaki mtu kwamba ameunguza nyumba kwa kuimwagia maji, wakatia saini, wakanywa chai. Nimekaa na watu wajinga maishani mwangu na sina ugomvi nao, mtu ambaye hajui hajui, lakini mtu anayejua, ambaye amesomeshwa mpaka akajua, ambaye ndoo iko sentimita chache kutoka kidole chake, halafu anavuta kikombe, huyo mimi sina jina lake, na lugha yetu kwa utajiri wake wote nayo inaona haya.

Jioni moja mwenzake mmoja wa kituo alikwenda nyumbani kwake, akakaa ukingoni mwa kiti, akamwambia, "Dada, sisi tunajua ilivyokuwa, ila unajua tena, sisi tuna watoto," na dada akamjibu, "Na mimi ninaye mmoja," akamwekea soda, akamsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu alikuwa na adabu kuliko inavyosemwa.

Tarehe 30 Juni 2009 alistaafu, na hiari ilikuwa ya wengine. Hakukata rufaa, alisema haendi kuomba cheti cha kuthibitisha kwamba maji ni maji. Shemeji alimfungia kibarazani pampu ndogo aliyoitoa kwenye friji bovu, akapanga ndoo zake safu mbili, na majirani, ambao mwanzoni walilalamika kwamba anafuga mbu, wakaanza kuja kuuliza kwa nini mabwawa yao ya samaki yanabadilika rangi, naye akawafundisha, kwa ukali, akimwonya kila mmoja asinunue mbolea nyeupe ya kwenye mfuko bila kujua ni naitreti, ni amonia au ni urea, na jirani wa nyumba ya tatu, mama mshonaji, aliniambia kwamba alimwogopa kwa mwaka mzima kisha akawa hawezi kuanza siku bila kugombezwa naye. Haya yote hayamo kwenye karatasi ya ofisi, kwani kwao maisha yake yaliishia getini.

Mwezi Mei 2019 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hospitali, na siku ya kwanza daktari kijana, kwa upole mkubwa, alimweleza kwamba figo zikishindwa kazi kuna kitu kinaitwa urea kinachobaki ndani ya damu, akamchorea na picha, dada akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, ndugu wala bosi, kisha akamshukuru na kumwambia, "Baba, matangi yangu yangekuwepo ningekupa damu hii uupelekee mwani, ungeishangilia." Tangu siku hiyo kila asubuhi muuguzi akiingia wodini alimwinulia kidole kwanza, asomewe kiwango cha urea, ndipo apokee salamu, na wauguzi wakazoea, wakawa wanaingia na namba mdomoni. Mwezi Agosti mwaka huu kituo kilimletea kikapu cha ndizi na machungwa chenye utepe na kadi iliyochapishwa, matunda ambayo mgonjwa wa figo hukatazwa, na dada alikitazama kikapu hicho kwa muda mrefu, akasema, "Kituo cha utafiti wa vyakula," akacheka mpaka wakamwinulia mto, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka kwa nguvu.

Alifariki tarehe 21 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mume wake akiwa ameshika mguu wake wa kushoto kwa sababu ndio uliokuwa unapata baridi, ameacha mume, mtoto mmoja anayetembea, mdogo wa kiume, mdogo wa kike, na ndoo zilizo hai mpaka asubuhi hii, nimezichovya mwenyewe.

Familia inatoa shukrani kwa daktari yule kijana na wauguzi wote wa kitengo cha figo, mliomwambia ukweli kila siku hata ulipokuwa mbaya, hamjui ni zawadi ya namna gani mlimpa. Tunawashukuru majirani, hasa mama mshonaji, aliyeshona nguo aliyovaa leo, ambayo si gauni la maua. Tunamshukuru Mjomba na kamati yake kwa maturubai, viti na subira.

Na tunawashukuru wafanyakazi wenzake. Katika ratiba mliyo nayo, wabebaji wa jeneza ni sita, na kona ya mbele kulia imeandikwa jina la cheo cha Mkuu wa kituo, kona hiyo nimeibadilisha, Mheshimiwa endelea kukaa, umesimama vya kutosha kwenye picha. Watabeba shemeji yangu, binti yetu, kaka yetu, mama mshonaji na mimi, ndiyo watano, na kona ya mbele kulia iko wazi kwa mtu yeyote aliyekuwa ndani ya chumba kile cha mikutano, na najua mko hapa zaidi ya mmoja, nimewahesabu mkiingia. Hatuulizi nani alimwaga mbolea, hatuombi radhi wala hotuba. Tunaomba mtu asogee, ashike mpini, na aseme maneno matatu kwa sauti inayofika mpaka kwa wale waliokaa nyuma, karatasi ilikuwa nyekundu, kisha tutanyanyua. Nitasoma mstari uliobaki, halafu nitanyamaza kwa muda ambao yeye angenyamaza baada ya kuuliza umejuaje, na kama hakuna atakayesogea, tutabeba watano, hakuwa mzito.

Dada, pumzika kwa amani, na usiwe na wasiwasi juu ya matangi yale, hayashuki na wewe, yanabaki huku juu na wenyewe.